Mashahidi wa Njia ya Thrapley

Jumanne ya pili ya mwezi, saa moja na nusu jioni, baraza la kijiji cha Little Thrapley lilikutana ukumbini kama kawaida, na Bi Winifred Tapp akaketi mstari wa mbele, mkoba mapajani. Mwenyekiti wa baraza, mkulima Gerald Hoskyn, alikuwa ameziba kwa waya wa miba njia ya miguu inayokatiza shamba lake. Ng'ambo ya shamba alilala Mabel, mdogo wake Winifred, mgonjwa asiyeinuka kitandani. Kuzunguka kwa barabara ya malori ni maili tatu zisizo na pa kukanyaga, na Winifred alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alijua kabisa kwamba hii ni kesi ya ngedere mbele ya nyani, lakini baraza lilikuwa hilo hilo moja.

Hoskyn ni mtu wa kufuata kanuni. Alitangaza kwamba shauri linamgusa, akatoka ukumbini, akaingia jikoni. Toka huko akawa anaendesha kikao kupitia kidirisha cha kupitishia chai.

Karani alieleza kwamba njia ikithibitika imetumiwa na watu miaka ishirini mfululizo, lazima ifunguliwe. Akauliza kama kuna mashahidi. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wafu thelathini na wanne kutoka makaburi ya kanisa, wakafuta viatu mlangoni, wakapanga foleni. Cyril, marehemu mume wa Winifred, alikuwa wa tisa, ndani ya suti aliyozikwa nayo, ambayo bado ilimbana kwapani. Kila mmoja alipewa dakika tatu kama mwananchi mwingine yeyote. Wa kwanza alisema ameipita njia ile tangu mwaka 1791, isipokuwa siku za theluji nyingi.

Kidirisha kikafunguka.

"Hebu angalia, Bi Karani, hao wamo kwenye daftari la wapiga kura?"

Karani akapekua. Hawakuwamo.

"Basi ni wageni tu. Wape biskuti. Zile za kawaida, si za chokoleti."

Kura zikapigwa, njia ikabaki imefungwa. Ila wajumbe nao wana utu: wakaafikiana bila pingamizi kuweka benchi la kuwakumbuka mashahidi, pale pale penye waya. Wafu wakashukuru. Winifred, kwa hasira, akairudisha biskuti yake kidirishani.

Siku hizi kila asubuhi hukaa kwenye benchi hilo na supu ya Mabel. Cyril huipokea, akapenya wayani bila taabu. Sufuria hukwama, supu ikamwagikia nyasi. Yeye huendelea na safari, akarudi na salamu.

"Anauliza utakwenda lini," alisema Alhamisi moja.

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia baraza lina taratibu zake."

Winifred akaifuta sufuria kwa leso.

"Mwambie asichoke kuningoja. Nikishakufa, nitapita hapa kila siku."