Ndama wa Masikio Mazima

Tangu tumzike Mukhtar, kila nikisinzia alasiri naota ndoto ileile. Mto Tana umepanda mpaka nyandani, maji ni maangavu, na ng'ombe wetu wanatembea chini yake bila haraka, wakila majani. Mgongoni mwa ng'ombe wetu Gurati wameketi watoto wawili. Nikimwita mmoja, wote wanageuka.

Walizaliwa wiki moja, mwaka wa mafuriko, tulipokimbilia mwinuko nje ya Garsen. Mukhtar ni wangu. Mama yake Abdikarim, yule wa pili, alifariki akijifungua, na baba yake akaondoka na mifugo iliyosalia, hakurudi. Nikamnyonyesha yule mtoto pamoja na wangu. Kwetu Waorma, mtoto akikatwa kitovu hupewa ndama jike. Maji yalikuwa yametuachia mmoja tu, kwa hiyo marehemu mume wangu aliwapa wote wawili: Gurati, mweusi tii. Ndama ambao angewazaa wangegawanywa kwa zamu, wa Mukhtar akatwe sikio la kulia, wa Abdikarim la kushoto.

Walipoanza kubalehe walikuwa wakiiba samli yangu na kujipaka kidevuni ili ndevu ziote. Niliwafukuza kwa mwiko.

Mwaka huu Gurati, na uzee wake, alishika mimba ambayo hakuna aliyeitarajia. Wakagombana mtoni karibu na kijiji cha Hewani, walipokuwa wakinywesha. Ndama aliyetangulia alikuwa wa Abdikarim, na ukame ulimuua.

"Aliyekufa hahesabiwi," Abdikarim alisema. "Huyu ni wangu."

"Anahesabiwa. Wako kamchunge kaburini."

Waliokuwepo wanasema walicheka wote wawili, kisha wakaacha kucheka. Ilikuwa fimbo moja tu, kichwani. Abdikarim alimbeba mwenzake mgongoni mpaka barabarani, akiyapigia magari kelele yasimame. Mukhtar hakufika hospitali.

Polisi walipomuuliza umri, Abdikarim alisema ishirini, kama alivyozoea kujisifu. Cheti cha kuzaliwa hana. Daktari alimtazama meno akasema huenda amefika miaka kumi na minane, huenda bado. Jaji akataka mtu aliyemjua tangu alipozaliwa. Akionekana mtu mzima, angeweza kufungwa maisha. Akionekana mtoto, angepelekwa kwenye shule ya kurekebisha tabia, na siku moja angerudi.

Shemeji yangu Hiribae alikuja kabla ya siku ya mahakama. Hakukaa.

"Mama Mukhtar, sikuombi useme uongo. Kaa kimya tu."

"Halafu?"

"Halafu ahukumiwe kama mwanamume. Si mwenyewe alisema ni mwanamume? Ukisema ni mtoto, serikali itampa daftari na biskuti. Wewe utabaki na kaburi."

Alikuwa amesema niliyokuwa nikiyawaza. Nilitaka Abdikarim azeekee humo ndani. Nilitaka ndevu zake ziote huko bila samli, mpaka ziwe nyeupe.

Mahakamani, wakili wake, dada wa Kipokomo aitwaye Alice, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, unajua huyu alizaliwa lini?"

Pangaboi lilikuwa likizunguka polepole. Niliona maji yakiingia tena, safari hii chini ya viti, na ng'ombe wakipita katikati ya miguu ya watu. Mgongoni mwa Gurati, wale wawili walikuwa wakinitazama. Nikaona kwamba nikimwongezea mmoja umri, na mwingine ataongezewa. Itaandikwa kwamba wanaume wawili waligombana, na mtoto niliyemzika hatakuwa popote.

"Alizaliwa wiki moja na mwanangu," nilisema. "Niliwanyonyesha wote. Mwanangu amekufa ana miaka kumi na saba. Huyu hawezi kumpita."

Jaji aliniuliza kama natambua maana ya maneno yangu.

"Natambua. Walikuwa wakigombania ndama ambaye hajazaliwa."

Hiribae alisimama, akatupa kikoi begani, akatoka.

Jaji aliamua kesi isikilizwe kama ya mtoto, na kwamba Abdikarim asilale tena na mahabusu wakubwa. Walipokuwa wakimpeleka, aligeuka.

"Mama, Gurati amezaa?"

Nilimtikisia kichwa tu. Niliogopa sauti itakayotoka.

Gurati alizaa mvua zilipoanza. Jike, mweusi kama yeye. Hiribae hajakanyaga kwangu tangu siku ile, kwa hiyo kisu nilikinoa mwenyewe. Nilimshika ndama sikio la kulia, kisha la kushoto. Yote mawili yalikuwa na joto. Zamu ilikuwa ya Mukhtar. Aliyekufa anahesabiwa, ndivyo mume wangu alivyopanga, na mimi nilijua siku zote. Hawakuniuliza.

Nikarudisha kisu mahali pake. Abdikarim atakapotoka, akiwa mtu mzima, atakuja kulikata sikio la kulia mwenyewe, mimi nikimtazama.

Kwa sasa ndama anatembea na masikio mazima. Alasiri, nikisinzia, naye namwona chini ya maji, akifuata nyuma ya mama yake, na wale wawili wameinama kumtazama.