Mlango wa Donna Carmosina

Jumanne asubuhi Donna Carmosina, mjane wa wakili, alimwita seremala amtengenezee mlango wa mbele uliokuwa umekataa kufungika.

Seremala huyo, Benvenuto, alikwenda na nyundo na makomeo matatu ya chuma. Alipopita, mlango wa mwoka mikate ulifunguka wenyewe, na wa kinyozi vilevile. Mji mzima wa Roccaspina ulishazoea. Egidio kinyozi alisimamisha wembe shavuni mwa mteja.

“Rudishia, fundi. Utatuua kwa mafua.”

Chanzo cha milango kumfungukia ni jina lake. Miaka arobaini nyuma, mtu alimweka, akiwa mchanga, kwenye kisanduku cha kuzungusha cha kuachia watoto wasiotakiwa, ukutani mwa nyumba ya watawa, akagonga kengele, akaenda zake. Watoto wa pale walipewa jina la mtakatifu wa siku. Lakini Sista Eufrasia alimkuta huyu amekauka kwa baridi, hata kulia hawezi, akasema kama duniani hakuna aliyempokea, jina lenyewe litampokea. Benvenuto ni jina la kale, maana yake umekuja vyema, karibu. Wazee walimpa jina hilo mtoto wa kiume aliyesubiriwa miaka mingi. Huyu hakusubiriwa na mtu, na milango ilianza kumfungukia kabla hajajua kutambaa.

Milango ya wengine ilifunguka kiasi cha mtu kupita. Wa Donna Carmosina siku zote ulifunguka wote, pande mbili, yeye akiwa bado kwenye kona ya kinyozi. Mji uliona, ukaelewa, ukanyamaza. Benvenuto alielewa akiwa na miaka tisa, na tangu hapo alitamani kitu kimoja tu, mama yake, Donna huyo, amwite kwa jina. Mama alikuwa akimwita “wewe” na baadaye “fundi”.

“Mlango una kasoro gani?” mama aliuliza.

“Hauna kasoro, Donna. Bawaba nzima, mbao kavu.”

“Basi mbona unaniaibisha? Watu wanatazama.”

“Watu walishamaliza kutazama zamani.”

Alipigilia makomeo yote matatu. Kisha akatoka nje, akasimama kizingitini, kofia mkononi.

“Niite jina langu mara moja, Donna. Mlango utatulia, na mimi sitakuomba tena kitu.”

Midomo ya Donna Carmosina ilikwisha kukutana kwa herufi ya kwanza ya jina.

“Kuna baridi, fundi,” alisema, akafunga.

Komeo la kwanza lilidondoka, la pili, la tatu. Mlango ukafunguka. Mama aliusukuma kwa mikono, ukarudi. Akaleta kiti, akakaa, akauegemea kwa mgongo.

Bado anakaa hapo. Kila Benvenuto akipita, mlango humsukuma mgongoni, naye hukaza miguu sakafuni, macho kayafumba, mpaka nyayo zipotelee mtaani. Hupita mara mbili kwa siku, ingawa karakana yake iko upande mwingine wa mji.