Wekundu Uliobaki Kwenye Udongo

…kwa hiyo swali nimeulizwa mimi na anayejibu ni Ndugu Silvesta, meneja wetu wa kiwanda, hajawahi kuona swali likipita karibu yake akaliacha liende zake, na mimi nimesimama hapa dirishani na chupa mkononi, nimeambiwa niiinue ili mwanga upite, basi nimeiinua, mwanga unapita, mafuta meupe kama maji ya kisima cha misheni, na nyuma yake naiona Mpanda yote imepinda, mabati ya stesheni, mtu anayekokota baiskeli yenye gunia, wote wamepinda ndani ya mawese ambayo mtu hawezi tena kuyaita mawese, na mgeni, ofisa wa mkoa, anaitikia kwa kichwa, maskini, ametoka Sumbawanga kwa Landrova, vumbi bado liko kwenye nyusi zake, na alichouliza ni kimoja tu, tena kwa upole, ndugu Natalia, wewe ndiye mtaalamu, tuwape haya watoto wa shule zote badala ya yale mekundu, kuanzia msimu huu… kabla sijameza mate Silvesta keshasema sayansi, keshasema kujitegemea, sasa amefika kwenye ustaarabu, akianza ustaarabu ujue chai itapoa… udongo wetu wenyewe, anasema, hatukuagiza ng'ambo, na hapo hasemi uongo, udongo ule mweupe tunauchimba Magamba, tunauosha kwa tindikali ya betri, tunausuuza na kuusuuza mpaka ukali uishe, tunauanika kwenye mikeka, tunausaga, tunaukorogea ndani ya mawese yanayochemka, nao unanyonya wekundu wote, unaung'ang'ania, tukichuja kwa kitambaa cha amerikani yanatoka haya hapa, wasichana wa kiwanda walipoyaona mara ya kwanza walipiga vigelegele na mimi nikaenda nyuma ya stoo nikalia kwa furaha, mjinga mimi, nililia kweli… kwa sababu shuleni kwa masista waliniita Mawese, blauzi yangu nyeupe ilikuwa na doa la rangi ya machungwa hapa kifuani, mama alilipaka udongo, akaliweka juani, akalipangusa, akalipaka tena, doa likafifia lakini jina halikufifia, Mawese njoo, Mawese pita mbele, nikaapa siku moja nitautoa wekundu huo duniani, watu wengine wakiwa watoto huapa kuwa marubani… anasema mafuta haya hayana harufu, Silvesta, anasema kama vile harufu ni dhambi, hayana harufu, hayana rangi, hayana uchafu, na neno hilo la mwisho ndilo langu, mimi ndiye niliyelileta hapa, uchafu, niliandika kwenye ubao wa kiwanda, udongo huondoa uchafu na rangi, kama ndugu wawili wa tumbo moja, na chuoni Mlimani nilifundishwa vingine, profesa aliandika karotini ubaoni, akasema huo wekundu ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini ya macho, nikanakili, nikaulizwa kwenye mtihani, nikajibu vizuri sana, kisha neno hilo nikaliacha huko huko, kama mwavuli uliosahauliwa kwenye basi… dumu la kwanza nilimpelekea Marsela, mke wa kaka yangu Melkior, kule Kabungu, nililifunga kitambaa shingoni kama posa, wanawake wakaja kuangalia maharage yake yasiyoacha mstari mwekundu kwenye bakuli, na Marsela akaacha kabisa kununua kwa Capitoline, yule mama Mrundi anayekamua mawese kwa miguu kule kwenye makazi ya wakimbizi, akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri ya wakubwa, wifi, mafuta mekundu siku hizi ni ya wakimbizi, nami nikacheka, nilicheka hasa, kwa sababu nilidhani ni Marsela tu anajidai na kwa kujidai kwake hakuna anayekufa… Capitoline mwenyewe nilikutana naye sokoni, nikamwonjesha kidoleni, sijui nilitaka nini, nilitaka anisifu nadhani, akalamba, akatazama juu kama anayesubiri kitu kifike, kisha akasema, "Dada, haya yamekufa. Hayana damu," akafuta kidole kwenye kanga na kuendelea kumpimia mteja wake, nikaondoka nikijiambia huyu anaogopa biashara yake… sasa Silvesta anamwambia mgeni kwamba nitapelekwa Ulaya kuongeza masomo mpango ukipita, amenigeuzia kiganja kama mnadani, tazama meno, tazama kwato, na mgeni anatabasamu kwangu, ana uso mzuri, uso wa mtu mwenye watoto, na nauona upande huo wa mambo, sijifanyi, nauona theluji, maabara yenye mabomba yanayotoa maji moto, jina langu kwenye mlango, miaka yote hii nimekoroga mapipa kwa mti wa mkaratusi na bado nautaka ule mlango… Jumapili nilikwenda Kabungu, jua lilikuwa linaingia, bado mwanga upo wa kutosha kuchagua mawe kwenye mchele, Marsela alikuwa anachagua, na binti yao Esteria alikuwa mlangoni, nimemletea sukari guru kama siku zote, akasikia sauti yangu akaja mbio, akapiga bega kwenye kizingiti, akasimama, akanyoosha mikono yote miwili, akapapasa hewa, mimi niko mbele yake, mbele yake kabisa, naona hata kovu la tetekuwanga kwenye pua yake, naye ananiuliza, "Shangazi, uko wapi?"… Marsela akacheka bila kuinua kichwa, huyo ana macho ya kuku, wifi, jua likizama naye anatafuta pa kulala, nikamshika mkono nikauweka usoni kwangu, akanigusa midomo, akacheka, akadhani ni mchezo, shangazi kajificha… kesho yake tukampeleka zahanati, Sister Immaculata akaagiza maini na kijiko cha mawese mekundu kila siku, akasema tumemleta mapema, wengine huja macho yameshakauka kabisa na hapo hata Papa wa Roma hasaidii, kisha akaniuliza nyumbani mnapikia nini, nikasema mafuta, Sister, mafuta tu… na tulipofika nyumbani Marsela akauliza kama hakuna dawa nyingine, ya vidonge, kwa sababu majirani watasema tumefilisika… nyuma ya kiwanda kuna lundo la ule udongo uliokwisha kazi, mwekundu, unanata, hatujui pa kuupeleka, ng'ombe wa Makoye, mfugaji jirani, huja kuulamba, anawafukuza kwa fimbo na wao wanarudi, na kama tindikali iliyosalia ndani yake haikuwahi kuuua wekundu wote basi ng'ombe wa Makoye wataona usiku kuliko watoto wa wilaya nzima, nimelifikiria hilo tangu Jumapili na kila mara nacheka na kila mara nakatiza kicheko, kwa sababu wekundu haurudi, udongo ukishashika haurudishi, sijui njia yoyote ya kuukamua… mkono unauma, sijaishusha chupa, Silvesta anamalizia sasa, najua kwa sababu anashika tai, anasema mtaalamu wetu atathibitisha, na kinachofuata ni mimi kusema ndiyo, neno dogo, hata si uongo mkubwa, hayana sumu, hayaozi upesi, wapike chapati, wakaange samaki, mtu mzima mwenye mchicha na maini yake hatadhurika, lakini bakuli la shule ni ugali na maharage na tone la mafuta, na tone hilo ndilo lilikuwa kila kitu, na sisi tumelifua… nilidhani aibu itakuwa siku nitakaposhindwa, nilijiandaa kwa aibu hiyo, kumbe haikunijia nilipoharibu mapipa, imekuja leo chupa imetoka safi, mgeni ametoa kalamu, ameifungua, ananitazama, na Silvesta ananitazama, na mimi sijawahi kutamani kazi ya mtu ishindwe kama ninavyotamani hii yangu ishindwe, hapa, sasa, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikianza na hapana… kisha watanishangaa, kisha Silvesta atacheka kidogo amwambie mgeni huyu dada amechoka, kisha nitalisema tena…