Koti Lililotundikwa Kwenye Uzio

Mzee Naseeb alikuwa keshaondoka, koti ameligeuzia mgongo, mikono nyuma, mwendo wa mtu asiye na haja. Mguu mbele, sikio nyuma. Mbinu hiyo aliipata Bangkok, enzi za kubebea watu marobota ya nguo sokoni, akaitumia Dubai, akashuka nayo hadi Johannesburg. Ukikipenda kitu, kitukane. Ukishakitukana, ondoka. Muuzaji atakuita tu, maana biashara haigombi: "Rudi baba, bei maelewano!"

Safari hii hakuitwa.

Akafika kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, akasimama. Ikawaka kijani, watu wakavuka, yeye yupo. Ikawaka nyekundu. Upepo wa Julai ulimwingia kwenye kiwiko, pale sweta lilipoungua kwa pasi. Akageuza shingo kama anayetafuta basi. Yule mama Mkongo, aliyemwaga mitumba yake kwenye turubai kando ya bustani ya Joubert Park, wala hakuwa akimtazama.

Miguu ilikuwa imemwisha. Tangu asubuhi alikuwa akiinama na kuinuka, turubai hili na lile, akinusa makwapa ya makoti ya watu asiowajua. La kijivu lilimbana. La kahawia halikuwa na bitana. Halafu akaliona hili, limetundikwa peke yake kwenye uzio wa bustani: la sufu, buluu ya kuelekea weusi, limenyooshwa, vifungo vyote vipo. Alipolivaa lilimkaa kama aliyepimwa na fundi.

Na alilitaka leo hii. Binti yake Yasmin alikuwa anaolewa baada ya sala ya adhuhuri, huko mtaa wa Kensington, kwa watu wenye nyumba ya geti. Yeye baba ndiye wa kumwozesha, mkono wake ndio wa kushikana na wa bwana harusi. Yasmin kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia tu. Jana alipiga simu akasema kwa Kiingereza, baba uje umevaa vizuri. Na baba aliyemlea mwanawe kwa simu, leo Durban, kesho Maputo, atajibu nini? Akajiapia: bila koti haendi. Atampa sheikh uwakala, atazima simu, yataisha. Kuondoka alikujua.

"Mzee, utaota mizizi hapo!" Alikuwa Héritière, msusi aliyeweka kiti chake cha plastiki karibu na roboti, vidole vimezama kwenye kichwa cha mteja. "Yule hakuiti."

"Nani anangoja kuitwa? Nangoja taa."

"Taa imewaka mara ngapi, eish!" Mteja akacheka. Héritière akashusha sauti. "Yule Marcelline ulimwambia nini?"

"Ya sokoni. Nimemwambia hili ni kafa-ulaya, mwenyewe kavuliwa hata hajapoa, anipunguzie."

Héritière akaacha kusuka. "Papa. Ile koti ni ya bwana yake, Damien. Tulimuzika mwezi wa tano."

Naseeb maisha yake yote amelisema neno lile, Tanga hadi huku, na wauzaji wakacheka naye. Akarudi akijikokota.

"Mama, pole sana. Sikujua. Mdomo wangu umezoea soko."

Marcelline alikuwa akikunja suruali za watoto. "Umerudi kupunguza beyi kwa pole?"

"La. Nakupa nilicho nacho chote."

"Haina beyi."

"Si ulinitajia?"

"Naitaja kubwa ili muende. Kila mutu naitaja kubwa. Nikiiacha ku nyumba inaniangalia. Nikiileta hapa watu wanauliza, ni ya nani? Wanaipapasa, wanasema ni muzuri. Basi. Mangaribi tunarudi nayo."

Naseeb akakaa kwenye ukingo wa barabara. "Naozesha binti leo, mama. Bila koti siendi."

Marcelline akacheka, kicheko kilichochoka. "Damien alikuwa na makoti ya kujaza kabati, sisi tunakula mukate mukavu. Siku Chloé wetu anapata komunyo, yeye akabaki kwa dobi anangojea koti. Hii hii. Kufika kanisa, padri anafunga mulango. Lakini alipendeza! Picha iko, yeye na mulango." Akaipiga suruali vumbi. "Ukimuuliza Chloé papa yake alivaa nini siku ile, hajui. Anasema tu, hakukuwa."

Naseeb akalitazama lile koti. Mkono mmoja ulikuwa ukichezea upepo.

"Sasa hupunguzi hata kidogo?"

"Ondoka hapa, papa! Utachelewa!"

Wakacheka wote wawili, kidogo. Akainuka, akashika njia, na safari hii sikio hakuliacha nyuma. Ndipo akaitwa.

"Papa! Papa we! Teksi za Kensington ziko upande ule!"

Naseeb alimkuta sheikh katikati ya hotuba. Akamshika bwana harusi mkono, kiwiko kilichoungua kikaonekana na ukumbi mzima, akaozesha. Yasmin hakusema kitu juu ya sweta, wala hakushukuru. Sasa anakaa Kensington na mumewe. Héritière alipata chumba cha saluni, akaacha kukaa njiani. Marcelline alihamia upande wa pili wa bustani, kwenye jua. Koti liliibwa mchana mmoja wakati wa mvua, alipokuwa akifunika bidhaa, na hakulitafuta. Naseeb alikaa Johannesburg mpaka Desemba, kisha akaenda Durban. Sweta analo bado.