Firigisi ya Baba Mkwe

Ndanu alikuwa ameishi na Caleb mwaka mzima katika nyumba ya baraza la jiji mtaani Jericho, na muda wote huo ndoa yao ilikuwa jambo la watu wawili tu. Ukoo wa Caleb, kule Bungoma, haukuwa umetuma mtu kwa babake Ndanu, mzee Ndeti, mchonga vinyago wa Wamunyu. Na maadamu hakuna mzee aliyepiga hodi kwa mzee mwenzake, majirani walikuwa huru kumwita Ndanu mke wa Caleb au kumwita lolote jingine. Ndeti mwenyewe hakulalamika. Alikuwa ameacha tu kumtaja binti yake mbele ya wageni.

Kwa hiyo, mwaka huo wa 1977, habari zilipofika kwamba Mzee Nalianya, babake Caleb, amekuja Nairobi kumwona daktari wa tumbo, kwamba amefikia kwa mtu wa ukoo wake Makongeni na kwamba angepita Jericho siku ya Jumamosi kwa chakula cha mchana, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana yake. Mzee angekula, angeaga, na kabla ya kufika kwake angekuwa ameshaamua kama ataipanga safari ya Wamunyu au ataiacha.

"Daktari amemkataza pilipili," Caleb alisema. "Amemkataza na mafuta mengi. Kwa hivyo atakuja na njaa, na hasira ya mtu aliyekatazwa vitu."

"Nitampikia mchuzi wa Bi Gulshan," Ndanu akajibu.

Bi Gulshan alikuwa mwenye duka la vitambaa mjini, na Ndanu alimshonea mapazia. Juu ya duka kulikuwa na makazi ya familia, na kila adhuhuri bibi huyo alimwita fundi wake apande ale. Kulikuwa na wajukuu wadogo katika nyumba ile, nao ndio waliokuwa sheria ya jikoni: pilipili ilitengwa katika kibakuli cha wakubwa, na chungu kikabaki cha wote. Ndanu alijifunza mapishi yale kwa kusimama karibu. Kuku huchunwa ngozi yote, hukatwa vipande vidogo pamoja na mifupa, kisha hulazwa katika maziwa mala, yaliyoganda, yenye chumvi na manjano. Kitunguu hukaangwa polepole hadi kiwe rangi ya udongo mwekundu. "Kitunguu hakina mbio," Bi Gulshan alikuwa akisema. "Wewe ukiwa na mbio, toka jikoni." Kisha hufuata tangawizi na saumu zilizopondwa, nyanya, bizari nyembamba na mbegu za dania zilizosagwa, mwishoni kuku, na mwishoni kabisa majani ya dania. Miguu, shingo na vyote vya tumboni Bi Gulshan aliwatupia paka wa uani. Kwake hivyo havikuwa nyama.

Caleb aliupenda mchuzi huo tangu siku ya kwanza, naye hakuwahi kuuliza chochote juu ya paka.

Jumamosi asubuhi Ndanu alikwenda kwa Mativo, muuza kuku wa soko la Jericho. Mativo alikuwa Mkamba mwenzake na alimchukulia kama mpwa.

"Leo tena ya Kihindi?" aliuliza, jogoo akiwa tayari ameshikwa mabawa.

"Ya Kihindi, mjomba. Na uchague mnono. Baba mkwe anakuja."

"Baba mkwe mwenyewe? Wa Bungoma? Basi huyu hapa. Huyu akiwika, hata wa Makongeni wanaamka."

Alimchinja, akamnyonyoa, akamchuna, akamkata vipande. Vya tumboni vilibaki katika debe lake, kwa kuwa ndivyo mapatano ya pale yalivyokuwa: mteja asiyevitaka alimwachia mchinjaji kama ujira, na jioni mchinjaji aliwauzia wanaochoma. Ndanu hakuvitazama. Alikuwa akifikiria maziwa mala, kama yangetosha.

Kufikia saa tano chungu kilikuwa juu ya jiko la makaa, na harufu ilikuwa imetoka nje hadi kwenye kamba za nguo. Ndiyo iliyomleta Truphena, mke wa Obura wa baraza la jiji, aliyekaa nyumba ya pili. Aliingia bila hodi, kama kawaida yake, akafunua kifuniko.

"Ndanu we! Hii harufu imenitoa kwa kufua. Mzee hajafika?"

"Bado. Onja chumvi."

Truphena alionja, akafumba macho, akaonja tena zaidi ya chumvi ilivyohitaji. Kisha akachukua mwiko, akaanza kupekua chungu kama mtu aliyeangusha pete.

"Umeweka wapi?"

"Nimeweka wapi nini?"

"Firigisi."

"Iko kwa Mativo. Mchuzi huu hauwekwi firigisi."

Truphena aliuweka mwiko chini. Alikuwa mwanamke wa kucheka, na kwa sababu hiyo uso wake usipocheka ulionekana kama wa mtu mwingine.

"Dada yangu, sikiliza. Mimi ni Mjaluo na wewe umeolewa na Mluhya, lakini kwa kuku sisi ni kitu kimoja. Firigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke akimwandalia mzee kuku na firigisi haiko, amemwambia wewe si mtu hapa. Au amemwambia kuna mwanamume mwingine ameshakula. Caleb hajakuambia?"

Caleb alikuwa amemwambia mengi. Alimwambia asimpe baba mkwe mkono. Alimwambia asiketi chumba kimoja naye, asile mbele yake, apitishe chakula kwa mikono ya mumewe na abaki nyuma ya pazia la jikoni. Ndanu aliyashika yote hayo, na pazia alilishona mwenyewe, zito, la rangi ya kahawia. Firigisi haikuwamo katika mafunzo.

"Kimbia," Truphena alisema. "Nitaangalia chungu. Na ugali nitasonga mimi. Mluhya hawezi kuhukumu mchuzi bila ugali."

Mativo alimsikiliza Ndanu hadi mwisho, kisha akamvutia debe. Ndani yake firigisi zilikuwa nyingi, za kuku wa asubuhi nzima, zimelala pamoja katika maji.

"Ya jogoo wako imo humu," alisema. "Lakini ipi? Chukua yoyote. Itamsemesha nani?"

Ndanu alichagua iliyokuwa kubwa, akafungiwa katika karatasi. Njiani kurudi alijiambia kwamba huenda ndiyo yenyewe, na kwamba huenda haikuwa jambo la kujali. Aliiosha, akaitumbukiza mchuzini. Lakini firigisi ya kuku wa kienyeji haipikiki kwa kuombwa. Hodi ya mzee iliposikika mlangoni, na sauti ya Caleb ikaitikia kwa unyenyekevu ambao Ndanu hakuwa ameusikia kabla, alikitoa kipande kile na kukijaribu kwa kisu. Kisu kiliteleza. Nje kilikuwa kimegeuka manjano kama vipande vingine. Ndani kilikuwa bado cha sokoni.

"Weka tu hivyo hivyo," Truphena alinong'ona. "Aione. Kutafuna ni shauri yake."

Ndanu alimfikiria mzee aliyefuga kuku maisha yake yote, akiwa na kipande hicho mdomoni. Alifikiria pia debe la Mativo. Aliiweka firigisi kwenye kisahani kando ya jiko, akapakua mchuzi bila hiyo, akampa Caleb bakuli pamoja na ugali kupitia pazia. Truphena alitikisa kichwa, akatoka kwa mlango wa nyuma polepole, akaishia ukutani chini ya dirisha, mahali ambapo mtu husikia vizuri.

Kutoka sebuleni zilikuja sauti za kunawa, kisha sala fupi, kisha kimya cha kula. Kijiko kiligonga bakuli. Kikagonga tena.

"Mchuzi huu hauchomi," Mzee Nalianya alisema.

"Hauna pilipili, Baba."

"Najua hauna. Nasema hauchomi. Daktari alinipa uji. Nilidhani sitakula tena chakula chenye harufu."

Kisha kijiko kilianza kuzunguka ndani ya bakuli, na Ndanu aliujua mzunguko ule. Alikuwa ameuona kwa mwiko wa Truphena.

"Caleb. Kuku huyu alikuwa wa namna gani?"

"Jogoo, Baba. Jogoo mkubwa."

"Jogoo mkubwa aliyeishi bila firigisi. Alisaga mahindi kwa kitu gani?"

Caleb alikohoa. "Baba, huyu muuza kuku wa hapa sokoni... watu wa soko la Nairobi, Baba, ukigeuka tu..."

"Mwuzaji hakuiba," Ndanu alisema.

Alikuwa amesema kabla ya kupima. Sauti ilipita pazia na haikurudi. Mke wa mwana hakutakiwa kusema mpaka aulizwe, na wakati mwingine hata akiulizwa. Hilo pia lilikuwamo katika mafunzo. Kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuvunjika, aliona hakuna haja ya kuliacha nusu.

"Niliiacha kwake mwenyewe, Baba. Huu ni upishi wa Kihindi. Nilifundishwa na bibi ninayemfanyia kazi, na kwake firigisi hupewa paka. Sikujua ni yako. Nimejua leo saa tano. Nimekwenda nikarudi na nyingine, lakini si ya huyu kuku, na haijaiva. Iko hapa kwenye kisahani."

Nje ya dirisha kulisikika Truphena akivuta pumzi. Sebuleni kijiko kiliwekwa mezani.

"Amekupikia hivi mara ngapi?" mzee aliuliza hatimaye. Swali halikuelekezwa kwenye pazia.

"Mara nyingi, Baba."

"Mwaka mzima. Na firigisi ya nyumba yako inaliwa na nani?"

"Hakuna, Baba."

"Wewe ndiye mwenye nyumba. Mbona hukuidai?"

Caleb alipojibu, sauti yake ilikuwa imepoteza unyenyekevu wa mlangoni na kuwa ya kawaida, karibu ya mtu anayeeleza jambo la ofisini.

"Sijawahi kuila. Nyumbani ilikuwa yako. Kila kuku aliyechinjwa, iliwekwa kwako, nasi tulikutazama ukiila. Nilipopata nyumba yangu sikuwaza kwamba sasa ni yangu. Nilipoona haiko mezani, nilidhani iko mahali pake."

Ndanu alisubiri hasira aliyokuwa ameambiwa habari zake. Kilichokuja kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, kilichokatwa na maumivu ya tumbo.

"Marehemu baba yangu alinimegea yake," mzee alisema, kwa sauti ndogo. "Mara moja. Nilikuwa mkubwa, nimeshaoa. Mimi nilisahau kumega." Akasukuma kitu mezani. "Basi kosa hili lina watu wengi. Na yeye peke yake ndiye aliyelitaja."

Kisha akaligeukia pazia. Ndanu alijua kwa sababu sauti ilinyooka.

"Mama."

"Naam, Baba."

"Kwenu, mgeni akichinjiwa, firigisi hupewa nani?"

"Kwetu mgeni mkubwa huchinjiwa mbuzi, Baba. Kila kiungo kina mwenyewe, lakini mimi nilikulia hapa Nairobi, mbali naye, na kuvigawa sikufundishwa. Baba yangu ndiye anayejua."

"Yuko wapi huyo baba?"

"Wamunyu."

"Ni mbali?"

"Ukipanda basi la asubuhi, mchana umefika," Caleb alisema haraka.

"Sikukuuliza wewe." Mzee akaligeukia pazia tena. "Basi viungo vya mbuzi nitamwuliza yeye mwenyewe. Mambo ya namna hiyo huulizwa mtu akiwa kwake, na wazee wawili watatu wa kusikiliza jibu."

Ndanu aliinua kisahani, akairudisha firigisi chunguni na kuongeza maji kidogo, kwa kuwa ilihitaji muda na sasa muda ulikuwapo. Kutoka dirishani Truphena aliuliza kwa mnong'ono uliosikika nyumba tatu, "Amesema atakwenda? Ndanu, amesema atakwenda?" Lakini bakuli lilikuwa limetokeza kando ya pazia, tupu. Mkono uliolishika haukuwa wa Caleb: ulikuwa wa mzee, naye ameugeuza uso kando kama desturi ilivyotaka.

"Na ugali kama umebaki," baba mkwe alisema.