Mkono Uliopona Kortini

Asubuhi moja ya Jumatatu, mwaka wa tisini na nne, Benta alikuwa nje ya nyumba yake kule Maringo akikaanga mandazi, jicho la kushoto limevimba hadi limefunga. Aliyageuza kwa uma mrefu wenye mpini wa mti, akiyatoa moja moja na kuyaweka juu ya gazeti yachujike mafuta. Vijana waliokuwa wakienda kutafuta vibarua viwandani walisimama kununua.

"Niaje, mathe. Hiyo macho ni ya nani?"

"Ya Ondiek na ndugu yake."

"Kwani waliskizana?"

"Waliskizana."

Wakachukua mandazi yao wakaenda.

Benta alikuwa msuluhishi wa mtaa. Wenye ugomvi waliketi chumbani mwake, kila mmoja akasema yake hadi mwisho bila kukatizwa. Yeye hakuamua nani ana haki. Aliuliza tu, polepole, akarudia kuuliza, mpaka wenyewe waone mahali wanapoweza kukutana. Wakikubaliana aliwamiminia chai kwa mkono wake, kikombe kwa kila upande. Vikombe vikiisha, majeraha yalitoka kwa aliyeumizwa yakahamia kwake. Meno yake mawili ya mbele yalikwenda na ugomvi wa mfereji wa maji. Sikio la kulia lilipasuka kwa ajili ya shamba la Busia ambalo hajawahi kuliona. Watu walimshukuru, na wengine walimletea sukari.

Nekesa alikuwa ameketi hapo na mumewe Bwire mara nyingi. Bwire alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha mikate, mtu wa kwaya, mwenye sauti nzuri ya chini. Kila waliposuluhishwa aliahidi, akalia kidogo, akanywa chai yake. Nekesa akarudi nyumbani ngozi ikiwa safi kama siku aliyoolewa, na Bwire akawa amepata mwili mzima wa kuanzia upya. Nekesa alipokwenda polisi, walimgeuza huku na huku wakamwuliza amepigwa wapi. Mwenye majeraha ya kuonyesha alikuwa Benta, na Benta hakuwa mke wa Bwire.

Kisha, siku ya sikukuu ya Madaraka, Bwire aliubana mkono wa kulia wa Nekesa kwenye mlango wa chuma, akauvuta mlango huku mguu ameukaza ukutani, akauvuta tena, mpaka majirani wakasikia mfupa. Sababu ilikuwa mboga kutiwa chumvi mara mbili. Safari hii Nekesa hakwenda kwa Benta. Alikwenda hospitali akafungwa plasta, akaenda polisi, na kesi ikafika kortini Makadara.

Hakimu alikuwa mtu mpole. Aliwaeleza kwamba sheria inapenda watu wapatane, kwamba mtu wa kati hamlazimishi yeyote, na kwamba wasipoelewana mlango wa korti uko wazi. Akamwuliza Nekesa kama angependa kujaribu.

"Hapana, Mheshimiwa," Nekesa alisema. "Huu mkono nataka uuone wewe."

Hakimu akaandika, akapanga siku ya kusikiliza kesi.

Nekesa aliutunza ule mkono kama mtoto mgonjwa. Aliulaza juu ya mto. Hakutaka upone kabla ya siku yake, kwa sababu alijua mara nyingine mlango ungebana shingo.

Siku ilipofika, yeye na Bwire wakiwa kortini, Mulama aliingia kwa Benta. Mulama ni kaka mkubwa wa Bwire, fundi wa reli, mkono wake ukubwa wa koleo. Alikuwa na wanaume wawili wa ukoo. Walisalimia vizuri, wakavua kofia, wakasema wamekuja kusuluhishwa.

Benta akauliza wenye ugomvi wako wapi.

"Mimi nitakunywa ya Bwire," alisema Mulama. "Na ya Nekesa pia nitakunywa. Si ni mke wetu? Ng'ombe tulitoa sisi."

Benta alimwambia hivyo sivyo. Usuluhishi ni wa wenyewe, kwa hiari yao, na Nekesa alishakataa mbele ya hakimu. Mulama alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kama ilivyo desturi ya chumba kile. Kisha akamshika shingo akamgonga uso mezani. Wale wawili wakaushika mkono wake wa kushoto wakauweka juu ya stovu, na mmoja akapandisha utambi. Chumba kikanuka nyama. Benta alivumilia kadiri alivyoweza. Halafu, kwa mkono wa kulia, akaishika birika akamimina.

Mulama alikunywa kikombe cha kwanza, akapumzika, akanywa cha pili. Alisema chai ilikuwa nzuri ila tangawizi imezidi.

Kule Makadara, Nekesa alikuwa ndio kwanza ameapa. Plasta ilipasuka kuanzia kiwiko ikaanguka miguuni pake. Akaukunja mkono, akaunyoosha. Haukuuma. Akaanza kulia, na karani akadhani ni furaha.

"Ah," hakimu akasema, "mmepitia kwa yule mama wa Maringo."

"Mimi sijapita popote, Mheshimiwa. Sijakubali kitu."

Hakimu aliuangalia ule mkono kwa makini. Alisema hawezi kumfunga mtu kwa mkono mzima, tena korti inafurahi familia zinapomaliza mambo nyumbani. Kesi ikaondolewa. Bwire alirekebisha kola, akatoka wa kwanza.

Nekesa alimkuta Benta sakafuni. Mkono wa kushoto ulikuwa umeungua, na wa kulia umevunjika palepale penye mlango.

"Nirudishie mkono wangu, Mama."

"Ningeijua njia ya kuurudisha, mwanangu, ungekuwa nao sasa hivi."

Nekesa alimwosha, akamfunga kwa vipande vya leso, wakaenda polisi pamoja kumshtaki Mulama. Askari aliandika jina, akatazama mkono mmoja, akatazama wa pili. Akasema haya ni mambo ya majirani, wayamalize mtaani kwanza. Akauliza kama wana msuluhishi.

"Ni mimi," Benta alisema.

Askari akasema hiyo ni bahati, hawatahangaika kumtafuta, akafunga kitabu.

Walirudi polepole kwa miguu, Nekesa akiwa ameubeba ule mkono uliovunjika, usitikisike, kama alivyokuwa akiubeba ulipokuwa wake. Alimfikisha Benta kitandani, kisha akaenda kwake. Bwire alikuwa amesimama mlangoni. Aliutazama mkono wa mkewe, akasema umepona vizuri, akasogea kidogo ili aingie.