Gauni Lililopukucha Mahindi

Ijumaa baada ya shule, Naliaka alitandaza kitambaa kwenye sakafu ya kibanda cha fundi Chrispinus, sokoni Mautuma, akaweka jiwe kila pembe upepo usikibebe. Kilikuwa kitenge cha makosa. Mashine iliteleza kiwandani, maua yote yakatoka bila vichwa, mashina matupu. Ndiyo maana fundi alimpa bure.

"Hiyo inatosha mwili tu," Chrispinus alisema. "Mikono utatoa wapi? Askofu hapakangi mafuta ya kipaimara msichana mabega nje."

Naliaka akatoa matambara mawili kwenye mkoba. Moja lilikuwa la kushikia sufuria kwa Senje Navalayo, dada ya marehemu baba yake. Lingine lilikuwa likilaliwa na ingokho akitaga. Zamani yote mawili yalikuwa blauzi moja ya mama yake. Mama alipokufa, siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi, nguo zake zilitolewa zigawanywe, na Senje akachukua zote. Alisema mtoto wa shule ana yunifomu tayari.

Mama alikuwa ametumika kwa huyo Senje tangu awe mjane. Alilima, alipika, alipukucha mahindi. Alianguka akipukucha. Senje alisogeza debe kwanza lisimwagike, ndipo akaita watu.

Naliaka alikanyaga cherehani mpaka jua likapoa. Alipokata uzi wa mwisho, mikono ya gauni ilijikunja, ikanyooka, ikamfunga kifungo cha yunifomu kilichokuwa wazi shingoni. Hakukuwa na vidole ndani, ila kifungo kilifungika.

"Ni mama yako," fundi alisema. "Hakupendanga shingo wazi. Unifagilie hapo ukitoka."

Alilibeba nyumbani begani, mkono mmoja wa gauni ukiwa umemshika kiganja njia nzima. Jikoni Senje alikuwa anasonga obusuma. Gauni likateremka, likampokonya mwiko, likamalizia.

"Hata ladha ni ileile," alisema Shantel, binti ya Senje, akimega. "Lakini hayo maua, Naliaka! Ni kama sukuma imepitiwa na ng'ombe."

Senje hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono.

"Hiyo mikono ni yangu. Nilipewa mbele ya wazee. Ama uliniomba?"

"Sikuomba, Senje."

"Sasa?"

"Jumapili ni kipaimara, Senje. Nimesoma katekisimu miaka miwili. Nivae kanisani tu, nitarudisha."

"Kipaimara itakuwa tena. Mahindi iko nje na mvua inakuja."

Jumapili Shantel alienda kanisani na gauni jeupe kutoka Kakamega mjini. Naliaka alibaki, kwa sababu hakuwa na gauni. Lake lilikuwa uani, limekaa kwenye kigoda cha marehemu mama, linapukucha. Yeye alililetea mahindi. Senje alikaa kivulini na simu.

Watu walipotoka misa walipita hapo.

"Mulembe, Mama Naliaka," wakasalimia.

Gauni likainua mkono, kisha likaendelea.

"Wewe una bahati, Navalayo," jirani mmoja alisema. "Wetu wakienda wameenda."

"Huyu alikuwa na roho ya kazi," Senje akajibu.

Kufikia jioni mikono ya gauni ilikuwa imefumuka kwenye ncha, nyuzi zinaning'inia. Naliaka alichukua sindano, akapiga magoti, akaanza kushona. Mkono mmoja ukaacha hindi. Ukamgusa kwenye paji la uso, pale Askofu alipowapaka wenzake mafuta, ukachora msalaba polepole. Vumbi la mahindi likabaki hapo. Naliaka akafumba macho. Alitamani mkono ukae.

"Naliaka!" Senje aliita. "Wachana na hiyo nguo, unaichelewesha."

Naliaka akafumbua macho. Akamalizia kushona, akarudia mshono mara ya pili ili usifumuke tena, akakata uzi kwa meno.

Gauni likachukua hindi lingine.